Karatasi Nyeusi za Mtoto wa Miaka Sita

Wiki ile sikulala vizuri kwa sababu ya swali ambalo halikuwa hata langu: mtoto wa watu abaki Guangzhou na mama yake, au arudishwe Tanga kwa bibi yake?

Mama mwenyewe ndiye aliyeniuliza. Alikuwa akinunua viatu vya jumla katika soko la Zhanxi na kuvisafirisha Dar. Mimi nilikuwa nimemaliza shahada ya pili ya afya ya jamii, nasubiri majibu ya maombi ya kazi, na kila alasiri nilimchukua binti yake wa miaka sita shuleni na kukaa naye mpaka mama arudi. Mtoto alikuwa halali vizuri, kila asubuhi tumbo linamuuma, na darasani hasemi neno. Hospitali walimpima, hawakuona kitu. Shemeji wa yule mama alikuwa anasafiri Ijumaa na alikubali kuondoka naye.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma," mama aliniambia huku akivua viatu mlangoni. "Nipe jibu moja tu. Abaki au aende?"

"Ngoja nifikiri, dada."

"Fikiri, lakini isiwe kama siku zote. Juzi ulichukua nusu saa kuchagua nyanya."

Nikaanza kukusanya ushahidi. Nilipokuwa jikoni naosha mchele, mtoto alikaa sebuleni katikati ya maboksi ya mzigo wa mama yake, na krayoni zake, na kila nilipotoka nilikuta karatasi nyeusi. Hakuna nyumba, hakuna jua, hakuna mtu. Krayoni nyeusi ilibaki kipande kama harage. Nyekundu haikuwa imeguswa. Nilizipiga picha karatasi kumi na moja. Nikasoma mtandaoni kuhusu huzuni ya watoto mpaka nikahisi mgonjwa ni mimi. Jumanne nilimwandikia mama ujumbe mrefu: michoro ina dalili mbaya, afadhali aende. Sikuutuma. Nilifuta "mbaya" nikaweka "za kutia wasiwasi", kisha nikarudisha "mbaya".

Jumatano sikuwa na moyo wa kurudi kwenye ile sebule. Tukapitia bustani iliyo jirani na shule. Misufi ilikuwa inachanua, ile yenye maua mekundu, mazito, yanayoanguka chini kwa kishindo. Bibi mmoja alikuwa anayaokota na kuyatia kwenye mfuko wa plastiki. Mtoto akasimama.

"Anti, anayaokotea nini?"

"Sijui. Kamuulize."

Neno lilinitoka tu, na papo hapo nikajuta. Huyu ndiye asiyesema darasani. Lakini alikwenda. Aliuliza kwa Kichina, kwa sauti ndogo, na yule bibi akamjibu kwa kirefu, akionyesha kwa mikono miwili. Mtoto akarudi mbio.

"Anayakausha, halafu anapika supu! Sisi tunakula?"

"Sisi msufi tunachukua sufi yake, tunajaza mito."

"Basi wao wanakula mto," akasema, akacheka mpaka akakaa chini.

Baadaye alitoa karatasi kwenye begi, akaibandika kwenye gome la mti mmoja mkubwa na kuisugua kwa ubavu wa krayoni. Mistari ya gome ikajitokeza yenyewe, moja baada ya nyingine. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo, kwa kuwa siku zote nilikuwa jikoni.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Nyumbani nafanya, lakini huko vitu ni vilevile." Akahamia mti wa pili, kisha jani, kisha mfuniko wa chuma wa mtaro, akinieleza kila kimoja kimetoka vipi.

Tuliporudi nilizitoa zile karatasi kumi na moja, nikazisogeza dirishani. Kwenye ule weusi kulikuwa na mistari, nyavu, na nyota ndogo zilizojipanga kwa duara. Sikujua ni nini. Mama alipoingia nikamkiria yote, na ujumbe nikamwonyesha. Hakuumaliza. Alikuwa ameshika karatasi.

"Hii si soli ya raba? Ile sampuli ya namba thelathini na nane! Na hii ni kandambili. Na hii... we mtoto, umesugua mzigo wangu wote?"

"Nilitaka kujua chini zinafanana au hazifanani," mtoto akajibu.

Mama alicheka, kisha akazipitia tena polepole. "Na wewe mwenye shahada mbili," akaniambia, "hujaona kiatu?"

"Sikuona, dada."

"Haya. Abaki au aende?"

Mdomoni nilikuwa na "inategemea". Nilijua alasiri moja bustanini si dawa, na kwamba kesho tumbo lingeweza kumuuma tena. Lakini nilikuwa nimemsikia mtoto akiuliza na kujibiwa.

"Abaki. Ila asifungiwe humu na maboksi. Kila siku baada ya shule nitakwenda naye nje, na Jumapili utakwenda naye wewe."

"Jumapili napakia mzigo."

"Utapakia Jumatatu."

Aliniangalia kama mtu asiyenijua. Akanisukumia simu yake. "Basi mpigie shemeji, umwambie mwenyewe. Mimi nimeshambadilishia maneno mara tatu."

Nilibonyeza kabla sijaanza kupanga maneno. "Kaka, samahani," nilisema alipopokea. "Ijumaa utasafiri peke yako. Mtoto anabaki."