Masafa ya Kayole waliyotuambia yamejaa

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Haya niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi wa redio Kayole. Jirani yangu alikuwa Sista Mueni, nesi mwenye kliniki ndogo ya akina mama. Simu ya mezani tuliomba mpaka tukachoka. Mama akizidiwa, mtu alitumwa mbio stejini kumtafuta Mutua na teksi yake. Mara nyingine hampati.

(Nyinyi wa juzi, simu ya mkononi hatukuwa nayo.)

Nikamwambia Sista tutafute radio call mbili, zile kama za polisi. Moja ikae kliniki, nyingine kwa gari la Mutua. Lakini lazima serikali ikupe masafa, yaani njia yako hewani ya kuongelea. Tukaomba. Tukajibiwa masafa ya upande wetu yamejaa, yote yana mwenyewe, kampuni moja tu.

Yamejaa?

Nikaunda kipokezi cha kusikiliza masafa hayo, nikawa nakiacha wazi mchana kutwa nikitengeneza redio za watu. Wiki baada ya wiki ni shhhh tupu. Hiyo kampuni haikuwa na hata antena! Iliyakalia tu, ikingoja yapande bei.

Baadaye maofisa wakaja social hall kuchukua maoni yetu, masafa yagawiwe vipi. Mmoja akasema yatapigwa mnada, mwenye nguvu ya pesa achukue.

Sista akasimama na kipokezi changu, akakiwasha.

"Mnaskia nani akiongea hapa?"

Shhhh. Ukumbi mzima ukacheka.

"Mama, hiyo mashine iko na permit?" ofisa akauliza.

Haikuwa nayo. Enzi hizo hata redio ya nyumbani ilidaiwa permit. Askari akakibeba.

"Beba," Sista akasema. "Na huyo amekalia hewa bila kuongea, mbona hamumshiki?"

Ofisa akaita mtu mwingine atoe maoni.

Muda si mrefu Achieng, mpangaji wa ghorofa iliyo juu yetu, alianza kuvuja damu akijifungua kliniki kwa Sista. Mutua tulimtafuta kila kona, tusimpate. Mtoto alipona. Achieng tulimsafirisha kwao kumzika.

Nilichojifunza: mkisikia masafa yanauzwa, ulizeni mnunuzi asipoyatumia, nani mwingine ataruhusiwa kuyatumia. Msishangilie bei.

Huyo mtoto sasa ni mtu mzima. Juzi alinipigia akitaka kujua mamake aliuawa na nini. Nikamwambia nitampigia baadaye, na bado sijampigia.

Wakuu, nyinyi mngemwambia nini?