Jogoo Aliyerudishwa Kintinku

Harufu ya mashudu ya alizeti hunirudisha Iguguno, kwenye banda la kuku la mama, nilipokuwa na miaka kumi na nikimpenda jogoo mmoja mweupe kuliko kitu chochote cha nyumbani kwetu. Kila baada ya mavuno mama na mdogo wake aliyeolewa Kintinku walibadilishana majogoo: wa kwetu alikwenda kwa basi ndani ya tenga, wa kule akaja. Mwaka uliotangulia nililia hadi mama akaniachia mweupe wangu, na sasa ua lilijaa watoto wake, weupe kama yeye, na mabinti zake wenyewe walikuwa wameanza kumzalia vifaranga.

Msimu huo mama mdogo alifika mama akiwa shambani. Alileta kishingo, jogoo mwekundu asiye na manyoya shingoni, nami nikaona aibu kwamba kiumbe yule angezaa kwetu. Nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha nikamwambia kwamba mama amesema mwaka huu hatubadilishani. Aliniangalia kidogo, akacheka.

"Mwambie dada, kama shida ni kishingo wangu kutembea bila shati, angesema tu nimshonee."

Akanywa maji, akaondoka na jogoo wake.

Mama alipojua hakunipiga. Alisimama mlangoni mwa banda, akawatazama weupe wale kwa muda mrefu.

"Hawa wote sasa ni ndugu," alisema. "Ugonjwa ukimweza mmoja, umewaweza wote."

Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kiliingia kabla ya mvua. Shingo zilipinda, mbawa zikaning'inia, na ndani ya wiki moja nilikuwa nimewazika wote, jogoo wangu akiwa wa mwisho. Kintinku nako kilipita, lakini kule walibaki wachache wa rangi zisizofanana, kishingo akiwa mmojawapo. Sitadai kwamba jogoo mmoja angetuokoa. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba bahati nayo ina sehemu yake. Lakini sisi hatukubaki hata na wa kuanzia, na uongo ule ulikuwa wangu. Ugonjwa ulipopita, mama mdogo alituletea kishingo na matetea wawili. Habari ya shati hakuigusa.

Leo kazi yangu ni kufuatilia mbwa mwitu kusini mwa Manyoni. Kundi ninalolifahamu zaidi limezungukwa na mashamba na barabara; madume wageni hawafiki tena, na ndugu huzaa na ndugu. Kwa nje kila mmoja ana mabaka yake, ila vipimo vya damu vinaonyesha kwamba kwa ndani wanafanana mno. Kila nisikiapo mbwa wa kijijini wanaugua, ugonjwa unaoweza kuwavukia wa porini, nasimama tena pale mlangoni alipokuwa amesimama mama. Yeye alihitaji tenga na nauli ya basi tu, maana alijua nani wa kumwendea. Mimi nina vibali na darubini, na kila mwaka makundi ya kuazima dume yanapungua. Naogopa siku nitakayokuwa tayari kumpokea kishingo, na Kintinku pasiwe na mtu wa kumleta.