Sare ya Solange

Harufu ya wanga wa muhogo ukiungua kidogo chini ya pasi hunisimamisha mpaka leo, popote nilipo. Asubuhi za kliniki nilikuwa nakoroga kijiko kimoja cha unga katika maji ya moto, nachovya kola ya shati la shule la mjukuu wangu Solange, kisha naipiga pasi juu ya meza mpaka inasimama yenyewe. Chumba chetu kilikuwa Point, mtaa wa Durban, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama ukuta wa jengo jingine, na mvuke ule uliingia hata kwenye chai. Utoto wangu mwenyewe sina mengi ya kuusimulia. Shule niliishia darasa la pili, baadaye nikatumwa shambani. Utoto ninaoukumbuka siku kwa siku ni wa Solange, na hasa ule mwaka ambao ulikuwa umekwisha, mimi nikaukatalia kwisha.

Tulitoka Lubumbashi wawili, mama yake akiwa tayari kaburini. Solange alikuwa na kifafa tangu miaka saba. Jirani yetu Mama Odette, muuza vitenge, ndiye aliyetuonyesha kliniki ndogo ya msaada mtaa wa pili, tukaenda Solange akiwa ndani ya sare yake mpya, sketi ya kijani na shati jeupe. Muuguzi aliitwa Sista Thandeka. Alimtazama kuanzia kola hadi soksi, akatabasamu, akasema maneno ambayo Solange alinitafsiria: “Anasema mwanafunzi halipi, Kambo.” Kambo ndiyo bibi, kwa watoto wa kwetu. Basi nami nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Kule kwetu mtoto wa mfanyakazi wa mgodi alitibiwa bure, na mlinzi wa geti la hospitali, Mzee Kasongo, hakuuliza karatasi ya mtu. Aliangalia sare ya shule ya mgodi, akafungua. Nikajua na Durban ni vilevile. Sare ndiyo dawa.

Solange alimaliza shule mwishoni mwa mwaka wa tisini na nane. Sisi watu wa Kongo pale Point tulikuwa na desturi: msichana akimaliza, sare yake inapita kwa anayefuata. Mama Odette alikuja na kipande cha sabuni cha shukrani, maana binti yake Furaha alikuwa anaingia sekondari. Nilimrudishia sabuni yake. Nilimwambia sketi imeungua kwa pasi, nayo ilikuwa imekunjwa chini ya mto wangu, na yeye aliijua pasi yangu, kwamba haiunguzi nguo.

Wakati ule Solange alikuwa anasuka nywele saluni, na mikono yake ilisifiwa. Siku moja kila mwezi alifuta rangi ya kucha, akabana nywele zake ndefu kwa utepe wa shule, akavuta pumzi na kuingia katika sketi ambayo nilikwisha kuishusha pindo mara mbili. Mwanzoni tulicheka. “Mwanafunzi wa Kambo amechelewa shule,” alisema, akinipigia saluti kwa kitana. Kliniki Sista Thandeka alimuuliza masomo yanaendaje, naye akajibu yanaenda vizuri, macho yake yakiwa sakafuni.

Mwezi wa tano tulikaa kwenye benchi karibu na mvulana aliyeitwa Lindani, aliyekuja kwa ajili ya kikohozi, naye akiwa na sare ya shule ileile. Alimtazama Solange, akamuuliza jambo kwa Kiingereza. Benchi zima likacheka. Mimi, nisiyejua kilichosemwa, nikacheka nao kwa adabu. Tuliporudi, pale kwenye robot, ndivyo tunavyoziita hapa taa za barabarani, Solange alisimama hata baada ya taa kuturuhusu.

“Aliniuliza darasa nimerudia mara ngapi. Na wewe ukacheka, Kambo.”

“Sikujua, mama yangu.”

“Mimi nina wateja wananiita anti. Sare hii sitaivaa tena.”

“Na dawa?”

“Nitanunua mwenyewe.”

Alinunua kweli. Nisilolijua wakati ule ni kwamba kila kidonge alikikata katikati kwa wembe wa saluni, nusu leo, nusu kesho. Vile vipande nilivikuta baadaye ndani ya kopo la mafuta ya nywele. Jumapili moja ya mwezi wa saba alikwenda kuoga kwenye bafu la pamoja, mwisho wa koridoo, nami nikabaki napiga pasi gauni lake la kanisani. Nikasikia maji yanatiririka koridooni. Nilidhani Mama Odette amesahau bomba. Nikamaliza kwanza mkono wa kushoto wa lile gauni.

Baada ya mazishi ya Solange nilirudisha kadi yake kliniki. Furaha alinisindikiza anitafsirie. Nilitaka kuungama kwa Sista Thandeka kwamba Solange alikwisha kumaliza shule, kwamba tulimdanganya miezi mitano. Alinisikiliza, akafungua droo, akatoa karatasi, akaiweka mbele yangu.

“Anasema dawa hazikutolewa kwa sababu ya sare,” Furaha akatafsiri. “Zilitolewa kwa umri, mpaka miaka ishirini na moja. Aliyemaliza shule alijaza karatasi hii mara moja tu.” Akamsikiliza tena. “Anauliza kwa nini hamkumwambia. Alimwona na sare, akajua bado anasoma.”

Furaha alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alitafsiri neno kwa neno, kama mtoto aliyetumwa kubeba sahani asiyojua ina nini. Solange alikuwa na miaka kumi na tisa.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja mwisho. Kwangu mjukuu alitangulia, majuto ndiyo yaliyobaki kuishi na mimi. Kliniki ile haipo tena. Mahali pake pamejengwa ghorofa za vioo, na watu wa kule Point nawakumbuka kwa majina, mmoja mmoja, lakini wengi hawapo. Furaha sasa ana binti, Neema, mwenye pumu, aliyemaliza shule Desemba iliyopita. Mama yake alikuwa kazini, nikasema nitampeleka mimi kliniki nyingine kuchukua dawa. Usiku ule sikulala. Sare ya Solange bado ninayo, na nakiri kwamba niliitoa sandukuni, nikaishika, nikairudisha. Asubuhi nilifika dirishani pa dawa hata salamu sijatoa, nikauliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, swali nililopaswa kuliuliza zamani: huyu amemaliza shule, bado anapata?

“Bado anapata, Gogo,” akasema binti wa dirishani, akiniita bibi kwa Kizulu. “Aandike jina lake hapa.”

Neema akaandika. Alikuwa amevaa suruali ya jinzi iliyochanika magotini, kucha zake nyekundu, na yule binti hata hakuinua macho kuzitazama.