Mbwa wa Kapteni katika Chumba cha Mbele

Asubuhi ile mimi na mama tulikuwa uani kwenye hoteli yetu ya Tunduma, tukikaanga buni walizoleta wajomba kutoka Iyula. Hoteli aliijenga babu kwa matofali ya kuchoma, barabara ya kwenda Rodesia ilipoanza kupitisha motokaa. Baba aliirithi, nami nilizaliwa humo. Vita vya huko Uhabeshi tulivisikia kwa wapita njia tu. Nilikuwa msichana wa kuposwa.

Mchana malori ya jeshi yakaingia kutoka upande wa Mbeya, yakiwarudisha majeruhi kwao Rodesia. Lori moja lilikuwa limeharibika. Kapteni, Mzungu mwenye shingo nyekundu, akasema hoteli sasa ni ya jeshi mpaka lori lipone. Maofisa wakachukua vyumba. Askari Waafrika waliojeruhiwa wakalazwa kwenye banda la mbuzi. Mbuzi wenyewe walichinjwa.

"Ndiyo, bwana," baba alisema kwa kila neno.

Nilipowapelekea wagonjwa uji, harufu ilinisimamisha mlangoni. Kijana mmoja Mbemba, jina lake Mulenga, alikuwa na mguu uliofungwa kitambaa kilichoganda usaha. Nzi hawakuruka hata nilipowapunga.

"Amenshi, mayo," alinong'ona. Aliniita mama, na pengine alinizidi umri. Nikamnywesha maji.

Nikaenda chumba cha mbele kutafuta shuka la kuchana. Kitandani alikuwa amelala mbwa wa kapteni. Kando yake sahani yetu, ina mifupa.

Nikamwita mama. Alisimama akamtazama yule mbwa.

"Mbwa kitandani, mtoto wa mwenzangu kwenye mavi ya mbuzi," alisema.

Akamshika mbwa ukosi, akamtoa nje. Askari wawili waliokuwa wazima wakatusaidia kumbeba Mulenga mpaka kitandani. Mama akamwosha mguu kwa maji ya chumvi, akamfunika blanketi. Kijana alifumba macho, akapumua kwa kina.

Kapteni akarudi kutoka kuwinda kanga.

"Toa hii," alisema, akimwelekezea Mulenga bastola.

Mama hakusogea.

Bastola ikamgeukia yeye.

Baba akaingia. Nilidhani atasimama kati yao. Alimshika mama mkono, akamvuta pembeni.

"Samahani, bwana. Wanawake hawajui."

Wale askari wawili wakaamriwa kumbeba tena. Mmoja alikuwa akilia bila sauti, na mikono yake ikitii.

Mulenga alikufa kesho yake, lori likiwa limekwisha kutengenezwa. Kapteni aliagiza mashuka aliyolalia yule kijana yachomwe moto. Kisha akanywa kahawa yetu, akaisifu. Baba alitabasamu.

"Karibu tena, bwana."



Vita vilipokwisha, mama yake Mulenga alikuja kutoka ng'ambo ya mpaka, miguu imemvimba kwa safari. Aliuliza mwanawe alilala wapi siku ya mwisho.

"Kitandani, mama," baba alijibu haraka.

"Kwa muda mfupi tu," mama yangu alisema. "Kisha wakamrudisha bandani. Sisi tulitazama."

 Yule mama aliomba kuonyeshwa kitanda. Akapapasa godoro kwa kiganja, taratibu. Kisha akaomba kuonyeshwa na banda.

Tangu siku hiyo mama hakumpikia tena mgeni wa hoteli. Alihamia kwa ndugu zake Iyula, akalima kahawa, akafia huko. Baba alibaki na vyumba vyake. Siku hizi hoteli wanayo watoto wa kaka zangu, na mgeni akiuliza historia yake wanamwambia kwa majivuno kwamba maofisa wa vita walilala hapa. Chumba cha mbele ndicho cha bei ya juu. Mulenga hawamtaji, ingawa nimewasimulia wote.

Najua baba aliokoa uhai wa mama siku ile, labda na wangu. Nimekwenda kaburini kwake mara nyingi nikitaka kumshukuru kwa hilo. Nasimama, namkumbuka akitabasamu na birika la kahawa mkononi, kinywa kinanijaa uchungu, narudi nyumbani sijasema kitu.