Mbwa wa Mtaani Nusu Bei

Miaka kumi na mitatu Mandakini Sathe amekaa mapokezi ya kliniki ya wanyama hapa Pune, akitaja bei bila kuinua macho. Kufunga kizazi ni rupia elfu sita. Mbwa wa mtaani, nusu bei. Basi kila mbwa ni wa mtaani, hata anayenukia shampuu. Msinitazame hivyo. Paka wangu naye aliandikwa wa mtaani.

Jumanne Mzee Gokhale alimleta mbwa wake jike afungwe kizazi.

"Wa mtaani huyu."

"Mbona kakulalia miguuni?"

"Namtupia chapati tu, dada. Andika."

Mandakini akaandika, akapokea elfu tatu.

Adhuhuri daktari alitoka akitikisa kichwa. Moyo wa mbwa ulikuwa umesimama kwenye meza ya upasuaji. Mzee akanyoosha mikono apewe mwili.

"Wa mtaani huchukuliwa na gari la manispaa," Mandakini akasema. "Anayepewa ni mwenye mbwa."

Mzee akatoa elfu tatu nyingine.

"Andika upya. Anaitwa Chandni."

Mandakini akafuta, akaandika jina.

"Anayefuata!"