Nilisoma Nusu ya Anwani

Nimechoka kulibeba hili. Mimi ndiye niliyemfukuza Mwalimu kutoka Butembo, na kosa halikuwa lake.

Nilikuwa nasimamia mtandao wa intaneti na tovuti ya kanisa letu, mtaani Kimemi. Vita ilikuwa imefika Kanyabayonga, kusini mwetu, wakimbizi wamejaa madarasani, kila mtu ameshika simu kutafuta habari za jamaa zake. Mwalimu, mtu wa Kasai, mbali na kwetu, aliyeletwa na serikali, alipanga chumba katika kiwanja cha kanisa, jirani na nyumba yangu. Alikuwa rafiki yangu jamani!

Siku moja mtu asiyejitaja aliandika kwenye ukurasa wetu: barabara ya Luofu ni salama, rudini mashambani. Watu wakarudi, wakapokewa na risasi! Shemasi wetu alifia huko.

Wazee wa kanisa wakaniuliza ni nani. Nikafungua kompyuta ya kanisa, inayohifadhi anwani ya kila simu iliyoandika kwenye ukurasa. Anwani za mtandao za siku hizi ni ndefu, mafungu manane ya tarakimu na herufi. Nikailinganisha ile ya ujumbe na ya simu ya Mwalimu. Mafungu manne ya kwanza, sawasawa! Manne ya nyuma yalitofautiana, nikasema hayo hubadilika tu. Nikamtaja mbele ya watu.

"Ndugu, hapana mimi," akasema. "Lakini siye bote tuko mu mutandao moja. Juu ya nini unaangalia simu yangu peke yake?"

Nikafunga kompyuta. Alikuwa mgeni, na mgeni hana wa kumtetea. Vitu vyake vikatupwa nje. Akampakia mkewe mjamzito kwenye pikipiki, wakashika njia ya Beni, njia tuliyokuwa tunaiogopa sote.

Wiki iliyofuata nilimkuta mke wangu jikoni analia.

"Baba Paluku, ni miye niliandika. Mama alinipigia, akasema barabara iko muzuri."

Mungu wangu! Nikaitazama simu yake. Mafungu manne ya kwanza, yale yale. Nikatazama yangu, yale yale! Nusu ya mbele ni ya kiwanja kizima, si ya mtu. Nami ni Mnande, kabila linalotoa majina kwa zamu ya kuzaliwa, ninayejua kwamba ukiita "Kambale!" sokoni wanageuka wanaume ishirini!

Mwalimu yuko Beni, walifika wazima. Nilimpigia kuomba msamaha. Aliniuliza jambo moja tu: "Umeshaambia kanisa?"

Sijaliambia. Nikimsafisha yeye, wazee watauliza tena ni nani.

Wenzangu, msimtaje mtu kwa kitu mnachokijua nusu. Na kabla hujashika simu ya jirani, anza na zilizo nyumbani kwako.