Kitabu Kilichofungukia Kulia

Niliapa uongo juu ya kitabu cha picha za bata, na ndoa yangu ikapona. Nalisema mapema ili msije mkadhani nimeufikia uzee huu bila kulijua kosa langu. Walioshuhudia walidhani ni msahafu. Wamekwisha kufa wote, wakiwa bado wanadhani hivyo, na mimi nimebaki na jambo hili peke yangu, sina wa kusaidiana naye kulikumbuka.

Mume wangu alichukuliwa kwenda vita vya Bama, kupigana na Wajapani, tukiwa na mwaka mmoja wa ndoa. Mimi ni Msukuma wa upande wa Shinyanga, yeye alikuwa Msumbwa wa Kahama, Mwislamu. Nilisilimu ili anioe, na baba yangu alinuna mpaka siku ng'ombe wa mahari walipoingia zizini. Mume wangu alipoondoka aliniacha kwa mama yake. Miaka mitatu na ushee. Barua zilikuja mbili, zote fupi, zote zinasema yu mzima. Halafu kimya. Askari mmoja aliyerudi bila mguu akasema kile kikosi kimekwisha chote. Mama mkwe alilia siku saba, akanyamaza, akaanza tena kusema mwanangu anakuja. Mimi sikujua kama nilie au ningoje.

Katika kungoja huko palikuwa na fundi cherehani, kwenye baraza ya duka la Mwarabu. Sitamsingizia. Hakunilazimisha wala hakunidanganya. Alikuwa akiniuliza, "Leo umekula nini, dada?" na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akiniuliza hilo. Ikawa miezi miwili. Kisha akahama na cherehani yake, nikashukuru Mungu, na papo hapo nikamkosa. Ndivyo ilivyokuwa. Anayetaka kunicheka na anicheke, lakini kwanza akalale miaka mitatu katika nyumba ya mkwe, kitanda kimoja na magunia ya karanga.

Mume wangu akarudi. Miguu miwili, mikono miwili, koti la jeshi na kile kitabu. Maneno ndiyo aliyoyaacha huko. Akapata kazi katika mgodi wa dhahabu Geita, kwenye kinu cha kusaga mawe, akanichukua tukaenda kuishi kambini.

Nyumba za kambi zilikuwa zimepangwa mstari, bati juu, ukuta mmoja kwa majirani wawili. Watu walitoka kila upande: Wazinza, Wanyamwezi, Wahaya, Wajaluo, na wengine ambao hata kwao sikuwahi kukusikia. Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Asubuhi nilikuwa nikisema "Mwangaluka" kwa mazoea ya salamu za kwetu, wanawake wa bombani wananitazama, nakumbuka niliko, nasema "Hamjambo." King'ora kinalia, wanaume wanaondoka. King'ora kinalia, wanarudi. Katikati ya ving'ora viwili nilikuwa sina mtu.

Wangu akirudi alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la maji. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akichokoa kucha moja moja, kwa sababu vumbi la mawe na grisi ya mashine havitoki kirahisi. Kisha alikitoa kitabu juu ya boriti, kikiwa kimefungwa kwa marekani nyeupe, akaketi kizingitini, akafungua. Na alifungua kuanzia kulia. Jalada la mwanzo lilikuwa pale ambapo vitabu vya misheni huishia.

Jirani yetu, mke wa fundi seremala, Mnyamwezi mwenye dini yake na mdomo wake, aliyaona yote hayo akiwa na ndoo kichwani. Kunawa, kitambaa cheupe, kitabu cha kufungukia kulia. Lo! Akanijia mbio. "Kumbe mumeo ni msomi! Ametoka vitani na msahafu, nawe unakaa kimya?" Mimi nilikuwa sijawahi kukishika. Nikasema, "Ee, dada." Basi, ikawa imekwisha. Wiki hiyo hiyo wanaume wakaanza kumwita mwalimu. Hakuwakanusha. Siku zile hakumkanusha mtu kwa lolote.

Nilimwuliza, "Unasoma nini?"

"Nasoma."

"Najua unasoma. Nauliza nini."

Akafungua ukurasa mwingine. Nikapandwa na hasira, nikamwambia, "Mimi sikuolewa na kitabu! Kama kinapika, na kikupikie!" Akaniangalia kwa upole, kama vile nimemwambia mvua inakuja, akarudi kwenye kitabu chake. Nilitamani anipige, walau ningejua nipo.

Siku iliyofuata, king'ora kilipolia, nilipanda juu ya sanduku nikakishusha. Nilikuwa na hofu, maana kama ni msahafu kweli nilikuwa nafanya makubwa. Nikafungua. Bata! Bata wawili wanaogelea kwenye matete, wamechorwa manyoya yote. Nikafungua tena: mwanamke ameketi, ametupa mgongo, anachana nywele, shingo yake nyeupe inaonekana nyuma. Tena: samaki. Tena: kibakuli kimoja tu, hakina kitu ndani, kimepewa karatasi nzima. Chini ya kila picha palikuwa na maandishi kama mikwaruzo, na namba.

Palikuwa na moja iliyonishika. Mwanamke peke yake njiani na mwavuli, na pamba inamwangukia. Nilidhani ni pamba, nitasema nini? Mimi nimekulia kwenye pamba. Imejaa kwenye paa la nyumba, kwenye miti, barabarani, juu ya mwavuli. Nikajiuliza ni mavuno gani haya, na kwa nini wanayaacha yaharibike, na kwa nini yule mwanamke kainamisha kichwa katika neema yote ile. Habari za theluji nilikuja kuzisikia baadaye sana, na sikuzifurahia. Nilimzoea yule mwanamke na pamba yake.

Kila siku nikawa nakishusha. Yeye jioni, mimi asubuhi. Tulikuwa mke na mume tunaotazama picha zile zile, kila mtu kwa zamu yake, na hatusemezani.

Ndani yake palikuwa na karatasi moja iliyokwisha achana na uzi, ya wale bata. Siku moja niliificha kwenye khanga nikaipeleka kwa mwenye duka Mhindi, mzee aliyekuwa hapo tangu mgodi haujafunguliwa. Aliigeuza akacheka. "Mama, hii Kijapani. Kabla ya vita nguo zote, bakuli zote, zilikuja na maandishi kama haya." Nikamwuliza namba ni za nini. Akasema ni kitabu cha maonyesho: picha zenyewe zimetundikwa katika nyumba kubwa huko kwao, watu wanaingia, wanaona namba ukutani, wanatafuta kitabuni ni ya nani na ni ya nini. Hapo nikamwelewa. Shinyanga kwenye maonyesho ya ng'ombe kila fahali alikuwa na namba yake shingoni, na karani alikuwa na daftari.

Nikairudisha karatasi. Jioni mume wangu alipofungua, mkono ukasimama. Nilikuwa nimeiweka pasipo pake. Akaniangalia. Kisha akaitoa, akaipeleka kwenye kurasa za mbele, akaendelea. Lakini tangu siku ile alijua kwamba najua, na mimi nikajua kwamba anajua.

Haukupita mwezi, shemeji akaja. Kaka mkubwa wa mume wangu, mfanyabiashara wa Kahama, mtu wa swala tano na wa kelele tano. Alishuka kwenye lori amejaa vumbi mpaka kope.

"Shikamoo shemeji."

Hakuitikia. Akaingia, akaketi, akamwambia mdogo wake mbele yangu, na mbele ya fundi seremala na mkewe waliokuja kumsalimu mgeni: "Kahama wanasema mkeo alikuwa na fundi cherehani wakati wewe uko kwenye risasi. Mama amesikia, haleti chakula kinywani. Nimekuja ama niondoke naye nimrudishe kwao, ng'ombe wetu warudi, ama ale yamini hapa hapa niisikie kwa masikio yangu."

Nilimwona baba yangu akifungua zizi. Nilijiona nimeketi nyuma ya jiko la mama, mwanamke aliyerudishwa, mpaka nife. Nilimpenda mume wangu? Nilimpenda, ndiyo, hata yule bubu aliyerudi. Sikutaka kuondoka. Na juu ya msahafu nisingeweza kusema uongo. Nilikuwa Mwislamu wa juzi, lakini nilikuwa nimesikia ya kutosha: anayeapa uongo anapofuka, anavimba, anakufa kabla ya mwaka. Niliyaamini yote.

Shemeji akanyoosha kidole kwenye boriti. "Msahafu si ule pale? Watu wananiambia unao."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa na neno moja tu la kusema: kaka, ule si msahafu. Fundi seremala alikuwa nao wa kweli nyumba ya pili, wangeuleta kabla maji hayajachemka.

Akasimama. Akatoka akanawa, polepole, kucha moja moja kama kawaida yake. Akarudi akakishusha kitabu na kitambaa chake.

"Kitabu ni hiki," alisema. Hakusema msahafu. Mpaka leo naisikia sauti yake ikisema kitabu.

Shemeji akanyoosha mkono kutaka kufungua. Ya Rabi! Mume wangu akamwuliza, taratibu tu, "Kaka, una udhu?"

Shemeji akajitazama vumbi lake, akaurudisha mkono. "Wallahi sina. Basi ashike hivyo hivyo." Nami nikapelekwa pipani nikatawadha, mke wa seremala akinimwagia maji, akiniambia, "Usitetemeke dada, mwenye haki hatetemeki."

Nikakipokea kwenye viganja, kimefungwa. Kilikuwa chepesi. Nikasema alivyonitaka shemeji niseme: naapa kwa kitabu hiki, tangu mume wangu aende vitani mpaka aliporudi, hakuna mwanamume aliyenigusa. Nilikuwa namwangalia mume wangu, naye alikuwa anaangalia mikono yangu.

"Imekwisha," shemeji akasema. "Marahaba, shemeji. Nisamehe." Akala ugali wangu na kuku wangu, akasifu mchuzi, kesho yake akapanda lori.

Mimi nilikuwa na furaha ya mtu aliyetolewa mtoni. Ilinichukua siku tatu kufikiri. Nilikuwa nachambua mchele nikaacha mikono ndani ya ungo. Mtu anayemwamini mkewe haogopi msahafu. Angesema, kaka, kaazimeni wa kweli kwa seremala, mke wangu atashika hata kumi. Hakusema hivyo. Alinipa cha bata kwa sababu alijua cha kweli kingeniua. Kwa hiyo alijua. Tangu lini, na kwa nani, sikupata kujua. Labda alikuwa amekwisha jua tangu siku aliyoshuka kwenye gari lililomrudisha kutoka Bama, na ndiyo maana ya kimya chote kile. Labda hapana.

Na kitabu chenyewe hakukifungua tena. Asingeweza. Kambi nzima ilikuwa imesikia habari za kiapo, na jirani yeyote angechungulia siku moja akaona shingo ya yule mwanamke, mimi ningekuwa nimeisha. Akirudi kazini alinawa, akaketi kizingitini na mikono yake misafi mapajani, akatazama barabara. Watu walikuja kukiazima wamalizie ugomvi wao. Aliwajibu, "Hiki hakiazimwi." Wakamheshimu zaidi. Nami asubuhi sikukishusha tena. Niliona haya kukitazama wakati yeye amejinyima.

Tulipata watoto wawili. Alikuwa baba mwema. Maneno yakamrudia kidogo kidogo, akawa anacheka na watoto, ananitania kwa Kisukuma chake kibovu. Nikafikiri sasa inawezekana. Sikutaka msamaha, alikwisha nipa. Nilitaka anisikie. Nilitaka kumwambia habari ya kile kitanda na magunia, ya askari asiye na mguu, ya yule mtu aliyeniuliza nimekula nini. Nilitaka naye aniambie alikitoa wapi kile kitabu, na alikuwa akitafuta nini humo jioni zote zile.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili, mchana, mvua inapiga bati. Alikuwa anashona kiatu cha mtoto. Nikaketi karibu yake.

"Baba watoto, nataka nikwambie habari ya Kahama."

Hakuinua uso. "Mama watoto, umeshaapa."

"Nimeapa, lakini wewe unajua kile kitabu..."

"Umeshaapa," akasema tena, wala hakukasirika. "Nilikuwapo. Nipe uzi."

Nikampa uzi. Nikaenda jikoni nikalia kwa sauti, na kati ya jikoni na pale alipokaa palikuwa na ukuta wa nusu tofali tu. Alinisikia. Hakuja.